Walezi wa Stesheni

1. Mlango wa mji

Mgeni afikapo nyumbani kwa mtu, jambo la kwanza alitazamalo ni mlango. Akiona kizingiti kimefagiwa na mtungi wa maji uko mahali pake, husema moyoni mwake, "Hapa pana watu." Lakini akiona maganda ya ndizi yametupwa mlangoni na majani yamekua mpaka dirishani, husema, "Wenyeji wa hapa wamelala." Neno hilo ni kweli kwa nyumba, na ni kweli kwa mji pia.

Sisi tukaao Ilembo, katika mji wa Mpanda, tunao mlango ambao watu wengi wa nchi hii hawanao. Mlango huo ni stesheni ya gari la moshi. Twaliita gari la moshi mpaka leo, ijapokuwa mashine zake siku hizi hutumia mafuta ya dizeli, wala hazichomi kuni wala makaa kama zile za zamani. Katika somo hili tutajifunza jinsi mlango huo ulivyopatikana, jinsi mlango wa namna hiyo uwezavyo kupotea, na jinsi watu wa kawaida, wasiolipwa hata senti moja, wawezavyo kuulinda.

2. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mawe

Njia kubwa ya reli ya nchi yetu ilianzwa kujengwa na Wajerumani huko Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912, na mwaka 1914 ikafika Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika. Nchi ya Mpanda iliachwa mbali upande wa kusini. Mtu wa huku aliyetaka kuiona reli alikuwa hana budi kwenda kwa miguu siku nyingi, akipita katika misitu ya miombo yenye mbung'o na wanyama wakali.

Baadaye mawe yenye madini ya risasi yalionekana katika nchi ya Mpanda, na pamoja nayo dhahabu, fedha na shaba. Wanafunzi, ninyi mwajua kwamba risasi ni madini mazito sana. Wapagazi hawawezi kuyachukua mpaka pwani, na barabara za siku zile ziligeuka matope kila mvua iliponyesha. Kwa sababu hiyo tawi la reli lilijengwa kutoka Kaliua, magharibi ya Tabora, likivuka mto Ugalla mpaka Mpanda. Urefu wake ni kama kilometa 210, na lilifunguliwa mwaka 1950.

Lakini madini ya risasi hayakudumu kuchimbwa. Baada ya miaka kama kumi tu mgodi ulifungwa. Sasa fikirini: reli ilijengwa kwa ajili ya mawe, na mawe hayatoki tena. Je, reli itabaki?

Ili tujibu swali hilo, na tutazame reli nyingine iliyojengwa katika miaka ile ile. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilitaka kupata mafuta mengi ya karanga, ikaanzisha mashamba makubwa mno katika Tanganyika mwaka 1947. Mojawapo ya mahali palipochaguliwa ni Nachingwea, kusini mwa nchi. Reli ikajengwa kutoka pwani ya kusini, na baadaye ikaunganishwa na bandari ya Mtwara. Lakini mashamba yale hayakufaulu. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa. Reli ile ilibaki bila mzigo wa kutosha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa, na vyuma vyake vikang'olewa. Hivyo watu wa kusini waliupata mlango, kisha wakaupoteza, na wote waliozaliwa baadaye waliambiwa habari zake tu.

Reli yetu haikung'olewa. Kwa nini? Kwa sababu mawe yalipoondoka, watu walikwisha kuja. Wakulima walipakia mahindi, mpunga na tumbaku. Warina asali walipakia asali. Akina mama walipakia karanga na kuku. Wagonjwa walipanda kwenda hospitali, na wanafunzi walipanda kwenda shule. Wakimbizi wengi waliotoka Burundi mwaka 1972 walipewa mahali pa kukaa huko Katumba, kando ya reli hii, nao wakalima na kuuza mazao yao. Basi, reli iliyojengwa kwa ajili ya mawe ikawa reli ya watu. Msilisahau neno hili, maana ndilo mzizi wa somo letu: reli hudumu pale inapokuwa na watu wenye kuitumia na kuipenda.

3. Jinsi reli ipoteavyo

Wengine hudhani reli hupotea siku moja, serikali itoapo amri. Sivyo. Reli huanza kupotea polepole, kama meno ya mzee, na mara nyingi huanza kwa maji.

Tazameni njia ya reli. Chini kabisa ni tuta la udongo. Juu ya tuta zimemwagwa kokoto. Katika kokoto yamelazwa mataruma, ambayo katika reli zetu mengi ni ya chuma, kwa kuwa mataruma ya mti huliwa na mchwa. Juu ya mataruma zimefungwa reli zenyewe, na kati ya reli na reli pana nafasi ya meta moja kamili. Kokoto zina kazi mbili: hushika mataruma yasicheze, na huyapitisha maji ya mvua upesi yaende zake. Majani yakiota katika kokoto, au takataka zikiziba mifereji ya kando, maji hukaa. Maji yakikaa, udongo hulainika. Udongo ukilainika, taruma huzama. Na taruma likizama, reli hupinda. Hapo gari haliwezi kwenda upesi tena, na mahali pengine haliwezi kupita kabisa. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya Kilosa yaliharibu vibaya reli ya kati, na safari zikakatika kwa muda mrefu. Mafuriko makubwa kama yale hayazuiliwi na mtu mwenye jembe. Lakini madimbwi madogo ya kila siku, hayo twayaweza.

Jambo la pili ni wasafiri. Siku hizi iko barabara ya lami kati ya Tabora na Mpanda, na mabasi huenda upesi. Msafiri ana hiari ya kuchagua. Akiona stesheni ni chafu, inanuka, haina kivuli wala pa kukaa, ataipa kisogo. Abiria wakipungua, fedha za nauli hupungua. Fedha zikipungua, matengenezo hupungua. Matengenezo yakipungua, abiria wengine nao huondoka. Ni gurudumu linaloshuka mlima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

4. Kazi ya jembe moja

Nitawaeleza jambo lililonipata mwenyewe. Mwaka mmoja, wakati wa mvua nyingi, nilikuwa nikingoja gari la moshi usiku katika stesheni moja ndogo, ambayo sitaitaja jina. Gari lilichelewa. Nilikaa juu ya sanduku langu pamoja na wasafiri wengine, tukilalamika kwa sauti kubwa juu ya wakubwa wa mbali, wasioijua taabu yetu. Nje, chini ya ukingo wa paa, alisimama mama mmoja mzee akiwa na ndoo ya asali kichwani na mjukuu mgonjwa mgongoni.

Nikamwendea, nikamwambia, "Shikamoo, mama."

Akanijibu, "Marahaba, mwanangu."

"Mbona hukuketi ndani, nawe umechoka na mzigo?"

Akasema, "Nitaketi wapi, mwanangu? Maji yameketi kabla yangu."

Nilitazama ndani, nikaona kweli. Sakafu upande wa mlango ilikuwa imejaa maji mpaka kifundo cha mguu. Nikachukua taa, nikayafuata maji yale nione yatokako. Nikakuta mfereji wa nyuma ya jengo umezibwa na majani makavu, magunzi ya mahindi na mifuko ya plastiki, kiasi cha debe mbili tatu tu. Kijana mmoja alikwenda kuazima jembe katika nyumba ya jirani. Tukachimba kwa zamu, na kabla ya nusu saa kupita maji yalikuwa yamekwenda zake. Akina mama wakafagia sakafu kwa matawi, na yule mzee akaingia, akamlaza mjukuu wake mahali pakavu.

Kisha akacheka kidogo, akasema, "Kumbe ilikuwa kazi ya jembe moja!"

Wanafunzi, mimi ni mwalimu, nami nimewafundisha wengine usafi kwa miaka mingi. Lakini usiku ule niliona haya. Kwa muda wa saa nne nilikuwa nimekaa karibu na mfereji ule nikiwalaumu watu wasioweza kunisikia, na jembe lilikuwa nyumba ya pili. Sisemi kwamba wakubwa hawana wajibu. Wanao, na ni haki yetu kuwakumbusha. Nasema tu kwamba mtoto yule mgonjwa asingeweza kulala juu ya malalamiko yangu.

5. Watu waliookoa reli yao

Sasa twende mbali kidogo, mpaka kaskazini ya Uingereza, tuone jinsi wananchi wa huko walivyoishika reli yao isipotee.

Iko reli moja itokayo mji wa Settle mpaka mji wa Carlisle, mwendo wa kilometa 116 hivi. Hupita katika milima yenye baridi, upepo na theluji. Ilifunguliwa kwa abiria mwaka 1876. Katika njia hiyo liko daraja kubwa la mawe, lenye matao 24, liitwalo Ribblehead. Mwaka 1970 stesheni ndogo karibu zote za njia hiyo zilifungwa. Kisha daraja likaanza kuchakaa, na shirika la reli likasema kwamba gharama ya kulitengeneza ni kubwa mno. Mwaka 1984 tangazo likatolewa kwamba njia yote itafungwa.

Lakini watu wa huko walikwisha kuona mawingu kabla ya mvua. Mwaka 1981 walikuwa wameunda chama cha marafiki wa reli hiyo. Hawakuwa matajiri, wala hawakuwa na silaha. Walifanya mambo matatu. Kwanza, waliandika barua za kupinga, wakawahimiza na wengine waandike, mpaka zikawa maelfu mengi. Pili, waliwahimiza watu wapande magari ya moshi na kulipa nauli, kwa kuwa tikiti moja ina nguvu kuliko maneno kumi. Nao abiria wakaongezeka sana mwaka hata mwaka. Tatu, walizitunza stesheni kwa mikono yao wenyewe. Mwaka 1986 stesheni nane kati ya zile zilizofungwa zilifunguliwa tena. Na mnamo tarehe 11 Aprili 1989 serikali ikatangaza kwamba reli haitafungwa. Mpaka leo inatumika, na marafiki wake wangali wakipanda maua katika stesheni, wakipaka rangi na kuwaongoza wageni.

Mwandishi wa kwanza wa chama kile aliitwa Graham Nuttall, naye alikuwa na mbwa jina lake Ruswarp. Watu walipotia sahihi zao kupinga kufungwa kwa reli, alama ya mguu wa Ruswarp nayo ilitiwa, kwa hoja kwamba naye ni abiria aliyelipiwa nauli! Mwezi Januari 1990, miezi michache tu baada ya ushindi, bwana yule alikwenda kutembea milimani katika nchi ya Wales pamoja na mbwa wake, wala hawakurudi. Alionekana mwezi Aprili, amekwisha kufa. Na Ruswarp, mbwa mzee wa miaka 14, alikuwa yu hai karibu naye, akimlinda. Alikuwa amekaa pale majuma 11 katika baridi ya kipupwe. Mwaka 2009 sanamu yake iliwekwa katika stesheni ya Garsdale, katika reli ile ile. Wasafiri wamwonapo hukumbuka kwamba reli ile iliokolewa na watu waliokuwa tayari kukaa nayo wakati wa shida.

Katika Scotland nako, tangu mwaka 2005, uko mpango ambao kwa huo raia huruhusiwa kuilea stesheni yao kama mtu aleavyo mtoto. Shirika la reli huwapa ruhusa na mafundisho, nao hutoa muda na mikono. Wengine hulima bustani. Wengine hutumia vyumba vilivyokuwa vitupu. Katika stesheni ya Pitlochry, kwa mfano, wako waliofungua duka dogo la vitabu vilivyotumika, na fedha wazipatazo huzitoa kwa wenye shida. Hivyo chumba kilichokuwa makao ya buibui kimekuwa msaada kwa watu.

6. Si jambo geni kwetu

Pengine mmoja wenu atasema, "Mwalimu, hayo ni mambo ya Ulaya." La, mwanangu. Kufanya kazi pamoja bila kulipwa ni desturi yetu ya zamani. Babu zetu walilimiana mashamba, wakajengeana nyumba, na wakazibua visima pamoja. Na aliyeitwa alikuja na jembe lake, akala ugali wa mwenye shamba, akarudi kwake na moyo mweupe. Kazi ya namna hiyo, ifanywapo kwa ajili ya kijiji kizima, sehemu nyingi za nchi huiita msaragambo.

Hata katika siku zetu hizi desturi hiyo imeamshwa tena. Tarehe 9 Desemba 2015, siku ya kukumbuka Uhuru, Rais John Magufuli aliagiza kwamba badala ya gwaride na sherehe, watu wote watoke wafanye usafi; naye mwenyewe alitoka akafagia. Baada ya hapo Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi iliwekwa kuwa siku ya usafi katika nchi yote. Basi siku tunayo, na mikono tunayo. Lililobaki ni kuielekeza mikono hiyo mahali panapofaa; na mahali pamoja panapofaa ni stesheni.

7. Kazi za mlezi wa stesheni

Mtu akitaka kulea, sharti ajue mambo yampasayo na mambo yasiyompasa. Nitayataja yote mawili.

Jambo la kwanza ni kuomba ruhusa. Stesheni ina mwenyewe, nalo ni shirika la reli, na mwakilishi wake ni mkuu wa stesheni. Kuingia na majembe bila kumwarifu ni kama kufagia chumba cha mtu asiyekuwapo; hata kama nia ni njema, utashukiwa. Yafaa mwalimu na wazee wa mtaa waende kwake kwanza, waafikiane siku, saa, na mipaka ya mahali pa kufanyia kazi.

La pili ni kufagia na kukusanya takataka. Takataka zioteshazo rutuba, kama majani na maganda, zitiwe katika shimo zioze ziwe mbolea. Plastiki na chupa zitengwe, zisichanganywe na mbolea. Mapipa yawekwe mahali ambapo abiria hukaa, si mbali, kwa kuwa mwenye mzigo mkononi hatembei hatua 50 kutafuta pipa.

La tatu ni kuzibua mifereji iliyo kando ya jengo na jukwaa, na kuifanya kazi hiyo mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua za Novemba kuanza. Mfereji uzibuliwao baada ya mafuriko ni dawa iletwayo baada ya maziko.

La nne ni kupanda miti na maua. Kiangazi chetu ni kikali, na tangu Mei mpaka Oktoba mvua ni haba. Kwa hiyo tupande miti istahimiliyo jua, kama mwembe, mwarobaini na mjohoro. Mche upandwe mvua zianzapo, na kila mche uwe na mwanafunzi wake, ambaye jina lake limeandikwa darasani, ili wakati wa kiangazi asiseme, "Nilidhani fulani atatia maji." Tena miti isipandwe karibu na reli: mizizi yake huharibu tuta, na matawi yake humfunika dereva asione mbele.

La tano ni kupaka chokaa. Mawe yaliyopangwa kandokando ya njia na kupakwa chokaa humwongoza msafiri hata usiku. Lakini angalieni sana rangi. Katika reli, nyekundu maana yake ni hatari, simama. Na kijani maana yake ni njia salama, pita. Mtoto atundikaye kitambaa chekundu karibu na njia kwa ajili ya pambo aweza kusimamisha gari zima. Kwa hiyo mapambo ya stesheni yawe meupe, na maua yenyewe yatatoa rangi zilizobaki.

La sita, nalo ni tamu kuliko yote, ni kuwasaidia wasafiri: kumpisha mzee akae, kumbebea mama mzigo, kumwonyesha mgeni njia. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Na sasa mambo yasiyotupasa. Mlezi wa stesheni hagusi reli, wala vyuma vya kubadilishia njia, wala ishara, wala waya. Hizo ni kazi za wenye ujuzi. Hachukui kokoto hata moja kwenda kujengea kwao, maana tumekwisha kuona kazi ya kokoto. Hafungui msumari wala parafujo, wala hanunui chuma kilichoibwa katika reli; anayeuza chuma cha reli auza roho za abiria. Wanafunzi wasikanyage njia ya reli kamwe, wala wasifanye kazi jukwaani wakati gari linapoingia. Gari la moshi lenye mabehewa ni tani mamia. Dereva akikuona na kufunga breki, litakwenda mamia ya meta ndipo lisimame. Haliwezi kukukwepa kama baiskeli ikukwepavyo.

8. Ulezi ni nini?

Wahenga walisema: mkono mmoja haulei mwana. Shirika la reli ni mkono mmoja, na wananchi ni mkono wa pili. Mkono wa kwanza una fedha, mafundi na mashine. Mkono wa pili una mafagio, majembe, miche ya miti, na jambo moja zaidi lisilonunuliwa, nalo ni upendo wa kwao. Mkono mmoja ukiuachia mwingine kazi yote, mtoto huanguka.

Tena ulezi una faida iliyofichika. Mtu aliyepanda mwembe stesheni hatavunja taa ya stesheni, kwa kuwa mkono uliojenga huona uchungu kubomoa. Na siku wakubwa watakapokaa kuhesabu ni reli ipi idumu na ipi iachwe, wataiona stesheni iliyofagiwa, yenye vivuli, yenye abiria waliolipa nauli, nao watasema kama yule mgeni wa mlangoni, "Hapa pana watu."

Nami kila nisikiapo honi ya gari likikaribia kutoka Katumba, humkumbuka yule mama mzee na ndoo yake ya asali. Namwomba kila mmoja wenu, atakapoona jambo limeharibika mahali pa watu wote, ajiulize kwanza kabla ya kunung'unika: Je, hii si kazi ya jembe moja?

Maswali

1. Reli ya kutoka Kaliua mpaka Mpanda ilijengwa kwa sababu gani, na kwa nini haikung'olewa mgodi ulipofungwa?
2. Kokoto zilizo chini ya mataruma zina kazi gani mbili? Eleza yanayotokea mfereji uzibwapo.
3. Marafiki wa reli ya Settle na Carlisle walifanya mambo gani matatu? Wewe waona lipi lilikuwa na nguvu kuliko mengine, na kwa nini?
4. Kwa nini haifai kutundika kitambaa chekundu karibu na reli?
5. Mwalimu aliona haya kwa sababu gani usiku ule?
6. Taja mahali pamoja pa watu wote katika mtaa wako panapohitaji kazi ya jembe moja. Andika barua fupi kwa mwenyekiti wa mtaa, ukiomba ruhusa ya kufanya kazi hiyo pamoja na wenzako.